Kurt Debus: aliongoza safari ya Mwezini, kisha kampuni yake ikapewa udongo wa Shaba

Kwenye vibanda vya video, jioni, vijana wetu wanapenda sana filamu za vita vya angani. Komanda anakaa ndani ya chombo chake, anatoa amri moja, na palepale roketi iliyo mbali kuliko nyota inageuka na kumufuata adui. Amri haikawii njiani, na roketi inatii kila neno. Kwa kweli mambo hayako vile. Leo tunaeleza maisha ya Kurt Debus, mutu aliyetumia zaidi ya miaka 30 katika kazi ya roketi za kweli, za vita na za kwenda Mwezini. Karibu na mwisho wa maisha yake aliongoza kampuni iliyopewa sehemu kubwa ya udongo wa inchi yetu. Sisi wachimbaji inafaa tuijue hii historia, juu ndani yake kuna mashimo, kuna usalama wa kazi, na kuna kontra.

Mutoto wa Frankfurt

Kurt Heinrich Debus alizaliwa tarehe 29 Novemba 1908 katika muji wa Frankfurt, Ujerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza alikuwa bado hajatimiza miaka sita. Alikomaa katika inchi iliyoshindwa vita, wakati feza ilikuwa imepoteza thamani na watu wanatafuta mukate kwa shida. Alisoma ufundi wa umeme katika chuo kikuu cha Darmstadt. Wanafunzi wengi wa wakati ule walikuwa na desturi ya kupigana kwa panga ili kuonyesha uhodari, na Debus alibaki na kovu kwenye shavu lake siku zote. Mwaka 1939 alipata udaktari wa masomo ya umeme, akawa mwalimu palepale Darmstadt.

Hitler alishika utawala mwaka 1933. Mwaka uleule Debus aliingia katika kikosi cha chama kilichoitwa SA, na mwaka 1940 akaingia SS. Watu wengi wa elimu walifanya vile, wengine kwa imani, wengine kwa kutafuta cheo. Lakini Debus alifanya pia jambo lingine ambalo haifai kulificha. Mwaka 1942 alimushitaki mwenzake wa kazi kwa polisi wa siri, Gestapo, kwa sababu huyo mwenzake alisema maneno mabaya juu ya Hitler, na yule mutu akapelekwa mbele ya tribinali. Kila mutu aliyeishi mahali penye watu wa silaha anaelewa neno la jirani linaweza kumufikisha mutu wapi.

Roketi isiyosikika ikija

Kando ya bahari ya Baltic, mahali panapoitwa Peenemünde, jeshi la Ujerumani lilikuwa linajenga silaha mupya chini ya uongozi wa fundi Wernher von Braun. Debus aliitwa huko, akapewa kazi kwenye stendi ya majaribio, mahali roketi inasimamishwa, inapimwa, inajazwa mafuta na kuwashwa. Ile silaha ndiyo baadaye iliitwa V-2. Ilikuwa na urefu wa metre 14, uzito wa zaidi ya tone 12, na ilibeba karibu tone moja ya baruti. Iliweza kuruka kilometa 300 na zaidi.

Tuangalie namna ilivyoongozwa, maana ndipo jambo lenyewe lilipo. Ndani ya roketi mulikuwa na jiroskopu, yaani gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi sana na kukataa kupindishwa. Roketi ikianza kuinama, jiroskopu inatambua, na mabawa madogo yaliyowekwa ndani ya moto wa injini yanairudisha kwenye njia. Injini iliwaka kwa muda wa dakika moja tu na kidogo. Ilipofikia mwendo uliotakiwa, ilizimwa, kwa chombo kilicho ndani yake ao kwa amri ya radio kutoka chini. Kuanzia hapo roketi ilikuwa kama jiwe lililotupwa. Hakuna mutu aliyeweza kuigeuza, hakuna aliyeweza kuiita irudi, hata kama chini yake kulikuwa na masomo ao hospitali.

Tena ilikwenda mbio kuliko sauti. Aliyekuwa chini hakusikia kitu kabla ya kupigwa. Mulio wa kuja kwake ulifika nyuma ya mulipuko. Ya kwanza kwa London ilianguka tarehe 8 Septemba 1944. Lakini muji uliopigwa zaidi kuliko London ni Antwerpen, ule tunauita Anvers, bandari ya Ubelgiji ambako madini ya Kongo yalikuwa yanashuka kwa miaka mingi. Tarehe 16 Desemba 1944 V-2 moja iliangukia sinema Rex ya Anvers, watu 567 wakafa kwa mara moja wakiwa wamekaa kwenye viti vyao.

Wale waliochimba mulima

Mwezi wa Agosti 1943 ndege za Uingereza zilipiga Peenemünde. Wajerumani wakaamua kuhamisha kiwanda chini ya udongo, ndani ya mulima Kohnstein karibu na muji wa Nordhausen. Mulikuwa tayari mashimo marefu yaliyochimbwa zamani. Wakaleta wafungwa kutoka kambi ya Buchenwald ili kuyapanua. Kambi mupya iliyozaliwa pale iliitwa Dora.

Mutu aliyeshuka kwenye shimo hana haja ya kuelezwa sana. Miezi ya kwanza wafungwa walifanya kazi ndani, walikula ndani, na walilala ndani, kwenye vitanda vya mbao vilivyopangwa juu kwa juu, huku wenzao wa zamu ingine wanapasua mwamba karibu nao. Vumbi lilijaa vifua. Maji hayakutosha. Jua waliliona mara chache tu. Walikuwa Wafaransa, Warusi, Wapolandi, Waitalia na watu wa inchi zingine nyingi. Wafungwa karibu 60,000 walipita katika Dora na kambi ndogo zake, na karibu 20,000 walikufa. Wanahistoria wengi wanasema kwamba hii silaha iliua watu wengi zaidi wakati wa kutengenezwa kuliko wale iliowaangukia.

Debus hakuwa mukubwa wa yale mashimo. Kazi yake ilikuwa kwenye stendi, mbali kidogo, penye hewa na mwanga. Lakini roketi ilikuwa ileile. Katika kazi za madini pia iko vile: anayeuza hamuoni anayechimba, na kila mumoja anasema yeye alifanya sehemu yake tu. Ndiyo maana mutu anayeeleza maisha ya fundi mukubwa anapaswa kuwataja na wale wa chini, hata kama majina yao hayakuandikwa kwenye ukuta wowote.

Ng'ambo ya bahari

Ujerumani ikaanguka mwaka 1945. Wamarekani hawakutaka mafundi wa roketi waende upande wa Urusi, wakawachukua wenyewe. Mambo ya zamani ya SA na SS yakawekwa kando. Debus akapelekwa Fort Bliss katika jimbo la Texas pamoja na kundi la von Braun, na mwaka 1950 wote wakahamia Huntsville, Alabama. Mwaka 1952 alipewa uongozi wa kikundi cha kurusha roketi. Tarehe 20 Agosti 1953 kikundi chake kilirusha roketi ya kwanza ya aina ya Redstone kutoka Cape Canaveral, kando ya bahari ya Florida. Redstone ilitengenezwa ili iweze kubeba bomu la atomiki. Na sisi tunajua kwamba sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Namna ile, hata mbele ya Debus kugeukia Shaba, kazi za vita za wakubwa wa dunia zilikuwa zimekwisha kupita katika mikono ya wachimbaji wa Kongo.

Tarehe 31 Januari 1958 kundi lake lilirusha Explorer 1, satelaiti ya kwanza ya Marekani. Roketi iliondoka vizuri, kisha kukawa kimya. Satelaiti ilipaswa kuzunguka dunia nzima ndipo antena za California ziisikie. Saa waliyoipiga hesabu ilifika, hakuna sauti. Walingoja tena dakika karibu nane, ndipo sauti yake ndogo ya radio ikaingia. Fundi hodari, mwenye feza zote za Marekani nyuma yake, alilazimika kukaa na kungoja kama mama anayengoja habari za mutoto aliyeenda pori.

Kisha ikafika zamu ya kurusha mutu. Januari 1961 walimurusha kwanza sokwe aliyeitwa Ham, ambaye alizaliwa katika mapori ya Kamerun. Ham alirudi muzima, lakini roketi ilikuwa imekwenda kwa nguvu kupita ilivyopangwa. Wakubwa wengine walitaka mutu apande palepale, juu Warusi walikuwa karibu. Kundi la von Braun, Debus akiwa ndani yake, likashikilia kwamba roketi ijaribiwe tena bila mutu. Ikajaribiwa mwezi wa Machi. Tarehe 12 Aprili Mrusi Yuri Gagarin akapita wa kwanza, na Mmarekani Alan Shepard akaruka tarehe 5 Mei tu. Marekani ilipoteza mashindano, lakini Shepard alirudi kwake. Kila muongozi wa shimo anayesukumwa na negosya apeleke watu chini mbele ya kutia mbao angefaa kukumbuka ile Machi.

Mulango uliofungukia ndani

Mwaka 1962 Debus aliwekwa kuwa directeur wa kituo cha kurushia roketi, ambacho mwishoni mwa 1963, kisha kuuawa kwa Prezida Kennedy, kilipewa jina la Kennedy. Pale alijenga muji muzima wa kazi. Roketi ya Mwezini, Saturn V, ilikuwa na urefu wa metre 111, na nyumba ya kuiunganishia ilifika metre 160. Wakati kazi ilipanda sana, watu zaidi ya 25,000 walikuwa wanafanya kazi kwenye kituo.

Lakini tarehe 27 Januari 1967 msiba uliingia. Watu watatu, Virgil Grissom, Edward White na Roger Chaffee, walikuwa wamefungiwa ndani ya chombo cha Apollo kwa jaribio la kawaida, roketi ikiwa haina hata mafuta. Radio ilikuwa na matata muchana wote, hawakusikiana vizuri na watu wa majumba yaliyo karibu, na Grissom alilalamika waziwazi. Ndani ya chombo mulijaa oksijeni tupu. Cheche moja ya umeme ikatosha. Mulango ulikuwa unafungukia ndani, na nguvu ya hewa iliyopanda kwa moto iliubana. Wale wa inje walihangaika karibu dakika tano mbele ya kuufungua. Wote watatu walikuwa wamekwisha kufa.

Kisha msiba, mulango ulitengenezwa upya ufungukie inje kwa segonde chache, hewa ya wakati wa majaribio ikabadilishwa, na vitu vinavyoshika moto vikapunguzwa. Yote yale yangewezekana mbele. Lalamiko kwamba watu hawasikiani lilikuwa limetolewa na mutu aliye ndani, siku ileile. Anayekaa ndani ya shimo ndiye anajua kwanza kwamba hewa imebadilika, na lalamiko lake linapaswa kusimamisha kazi.

Neno linalokwenda na mwanga

Tarehe 16 Julai 1969 Apollo 11 iliondoka Florida. Katika chumba cha kurushia walikaa mafundi zaidi ya 400 mbele ya meza zao. Roketi ilipopita tu juu ya munara, uongozi ulihamia Houston, Texas. Kazi ya miaka saba ya Debus ilikuwa imetoka mikononi mwake ndani ya segonde chache.

Sisi wa Mubi tunajua faida ya neno linalotangulia muzigo. Wakati Bisie ilikuwa inatoa kasiterite kwa wingi, mubebaji alitembea porini siku mbili na mufuko wa kilo 50 mpaka Njingala, lakini bei ya Goma ilikuwa imekwisha kufika kwa foni. Neno la foni linakwenda na mwendo wa mwanga, kilometa 300,000 kwa segonde moja. Kutoka hapa mpaka Goma mutu hawezi kuhisi kwamba linachelewa. Lakini Mwezi uko mbali karibu kilometa 384,000. Mutu wa Houston akiuliza, neno linatumia zaidi ya segonde moja kwenda, na jibu linatumia segonde moja ingine na zaidi kurudi. Kwa sayari ya Mars, neno linaweza kutumia dakika 3 ao hata zaidi ya 20, kufuatana na mahali sayari ilipo. Hakuna foni, hakuna mashine yoyote inayopita ule mwendo. Komanda wa filamu anayeongoza roketi katikati ya nyota kwa neno la palepale hajazaliwa, na elimu ya leo haionyeshi njia ya kumupata.

Kwa hiyo, mafundi wa kweli wanaweka akili ndani ya chombo mbele ya kukituma. Kila swali linaulizwa kikiwa bado chini, kila mufereji unapimwa, kila mutu mwenye mashaka anaweza kusimamisha hesabu. Kikiisha kuondoka, maneno ni machache na yanachelewa.

Kontra ya Shaba

Debus alitoka kazini mwaka 1974. Mwaka uliofuata alikubali kuwa mukubwa wa baraza la kampuni ya Ujerumani iliyoitwa OTRAG, iliyoanzishwa na fundi Lutz Kayser. Kayser alitaka kutengeneza roketi ya bei ndogo kwa kufunga pamoja mabomba mengi ya namna moja, kama fungu la kuni. Vifungulio vya mafuta viliendeshwa na mota ndogo za namna ile inayofuta mvua kwenye vioo vya gari. Ili kugeuza roketi, hawakupindisha injini, walipunguza tu moto wa upande mumoja. Jina la Debus, mutu wa Mwezini, lilifungulia kampuni milango mingi.

Mwaka 1976 kontra ilifanywa na Zaïre ya Mobutu. Kampuni ilipewa eneo la kilometa za mraba karibu 100,000 katika kaskazini ya Shaba, mpaka mwaka 2000. Kivu ya Kaskazini yote haifiki 60,000, na territoire ya Walikale ingeingia mule zaidi ya mara ine. Magazeti ya wakati ule yalitoa vifungu vya ile kontra. Kampuni ilipata haki ya kutumia eneo bila kizuizi na kukataza mutu asiingie bila ruhusa yake. Watu walioishi mule, wakulima na wavuvi wa muto Luvua, hawakuitwa kwenye meza.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, siku moja tu kisha askari wa Ufaransa kushuka Kolwezi, muji wa wachimbaji uliokuwa katika damu. Ya tatu ilikuwa tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe anaangalia. Ilipanda, ikapinda njia, ikaanguka katika bonde la Luvua.

Urusi na inchi jirani walikuwa wanapiga kelele kwamba pale kunajaribiwa silaha. Kampuni ilikana, ikisema kazi yake ni satelaiti. Mwaka 1979 Mobutu akafunga kazi yote. Kontra iliyofanywa bila kuuliza wenyeji ikavunjwa vilevile bila kuwauliza. Kampuni ikahamia Libya, na Debus akaacha cheo chake mwaka 1980. Alikufa tarehe 10 Oktoba 1983 huko Cocoa, Florida, akiwa na miaka 74. Kreta moja ya juu ya Mwezi inaitwa kwa jina lake.

Kinachotuhusu sisi

Debus alikuwa fundi hodari, ukweli huo haupingwi. Alijua kuliko wengi kwamba saa ya kusema ni mbele ya injini kuwaka. Lakini ile saa hawakuipata wafungwa wa Kohnstein, wala watu wa Luvua.

Kontra ya madini inafanana na V-2. Ikiisha kutiwa sahihi na kuondoka, kuirudisha ni vita ya miaka. Sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni kufanya cahier des charges pamoja na wenyeji, na kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Ile karatasi inaandikwa kwanza, watu wakiwa bado wanaweza kuuliza: barabara gani, masomo gani, wachimbaji wa mukono watapewa wapi pa kuchimba. Mutu wa Mubi ao wa Rubaya asiseme ni mambo ya wakubwa. Aombe kuisoma, na kama hajui Kifaransa, aombe isomwe kwa luga anayosikia, mbele ya watu, kabla ya mutu yeyote kushika kalamu.